Meli Ilikuja, Vyondo Vikarudi

Kosa ni langu mimi, msimtafute mwingine! Hakuna mwizi alitupora, hakuna shetani alinisukuma. Ni huu mdomo wangu na kiburi changu. Nawaandikia nikiwa peke yangu, na chumba cha pili kimejaa vyondo, vile vikapu vyetu vya katani, mpaka kwa dari.

Mimi ni nyanya, na shule niliachia darasa la tatu. Lakini huku kwetu Meru, upande wa Kianjai, hakuna mwanamke angenishinda kusimama mbele ya watu na kuongea. Ndiyo maana kikundi chetu cha kusuka vyondo kilinifanya mwenyekiti. Tulikuwa tunachangia tangi la maji. Lingewekwa kwa mwenzetu mmoja, nitamwita Karambu ingawa si jina lake, kwa sababu nyumba yake ina paa kubwa la mabati. Mto wetu uko chini bondeni kabisa, na Karambu mgongo wake uliharibika zamani.

Karambu! Tuliolewa msimu mmoja wa mvua, mimi na yeye. Mtoto wangu alinyonya kwake nikiwa shambani, na wake akanyonya kwangu.

Sasa kwa baraza ya chifu akaja bwana mmoja wa mambo ya kazi za mikono. Akasema huko Mombasa gati linapanuliwa, meli kubwa za watalii ziweze kusimama vizuri, na kando yake kunajengwa banda la kupokea wageni. Kikundi cha akina mama kikichangia hilo banda, kitapewa meza ya kuuzia, na jina lake litaandikwa ukutani.

Jina ukutani! Hapo ndipo nilipopotea. Mimi jina langu lilikuwa limeandikwa kwa kitambulisho tu, na kwa kadi ya kliniki.

Tukakutana kwangu. Karambu akasema, "Mwenyekiti, kiu yetu iko hapa. Hiyo meli iko wapi?"

Nikamwambia, "Wewe macho yako yanaishia kwa mtungi. Tangi litangoja, meli haingoji!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata yeye alicheka, lakini aliinamisha kichwa. Niliona akiinama, na nikaendelea kuongea.

Pesa ya tangi ikaenda kwa gati.

Siku ya meli ilipofika, nilitumwa mimi na magunia ya vyondo. Ndugu zangu, sitadanganya tena, kazi ilikuwa imefanywa kweli. Sakafu inang'aa, banda safi, na ukutani jina la kikundi chetu. Nililigusa kwa kidole. Na hiyo meli, woi! Ni kama mtu amechukua kilima cha Nyambene akakitoboa madirisha.

Wazungu wakashuka. Nikasimama nyuma ya meza yangu na kitambaa kipya kichwani. Wakapita. Mabasi yalikuwa yanawangoja mlangoni, yenye vioo vyeusi, kuwapeleka kuona ndovu. Mama mmoja mzee kama mimi alisimama, akanipiga picha, akaniwekea peremende mezani, akaenda. Jioni wakarudi wamechoka, wakapanda meli yao. Sikuuza hata kiondo kimoja!

Hapo bado sikuwa na kosa kubwa. Kukosa soko si dhambi. Ningerudi niseme, "Jamani, nimeshindwa," wangeninunia wiki mbili, halafu tuanze tena kuchanga.

Lakini mimi! Mimi wa jina ukutani! Nilipanga nifike nyumbani Jumapili watu wakiwa kanisani. Nikakodi mkokoteni wa punda pale sokoni. Mwenye punda akaniuliza, "Cucu, nyanya yangu, umebeba nini, mawe?" Nikamwambia ni mitumba ya mayatima. Nikaficha vyondo vyote kwa kile chumba cha marehemu mzee wangu, nikafunga kufuli.

Jioni wanawake wakaja mbio. "Mwenyekiti, tuambie!" Nikawaambia wazungu walipigania vyondo kama kuku na mahindi. Karambu akaniuliza polepole, "Na kile changu cha mstari mwekundu?"

"Hicho? Mama mmoja alikivaa begani, akapanda nacho melini akiimba!"

Alilia kwa furaha, Karambu. Nikauza ng'ombe wangu wa maziwa, nikawagawia pesa nikisema ndiyo mauzo. Wakanipa jina, Mama Meli. Wakanitungia wimbo. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi na kuimbiwa.

Walisuka mwaka mzima! Maharagwe yalimezwa na magugu, watu wakivuta katani mpaka vidole vinatoka damu. Na Karambu akaendelea kushuka mtoni na mgongo wake, akisema meli nyingine ikija atanunua tangi mwenyewe.

Meli ya pili sikuiendea. Nilijificha Majengo, huko Meru mjini, kwa chumba cha binamu yangu. Siku tatu nikisikiliza adhana na kula mkate mkavu, nikitunga uongo wa kurudi nao. Nikarudi Jumapili na magunia yangu, kwa punda yuleyule.

Ng'ombe wa kuuza hakuweko tena. Nikasema pesa itatumwa, na wao wakaamini, wakangoja.

Halafu mvua ya Aprili ikanipiga, nikalala na homa. Karambu akaja na uji. Akaniona natetemeka. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, na mimi nilikuwa nimesinzia. Akafungua kile chumba anitafutie blanketi ya mzee.

Niliamshwa na mlio wa mlango. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiondo chake.

"Huu uzi mwekundu niliufumua kwa sweta ya marehemu mume wangu," akasema. "Ulisema kiko ng'ambo."

Huu mdomo wangu nikaufunika na kiganja, nikageukia ukuta.

Hakunitukana. Alifunika uji usipoe, akanifunika na ile blanketi, akachukua kiondo chake akaenda. Afadhali angenipiga!

Tangu siku hiyo hakuna mguu wa mwanamke umeingia boma langu. Wale niliowaambia pesa inakuja wakikutana nami sokoni wananisalimu vizuri, wanapita. Kama wale wa meli.

Sasa wanakutania kwa Karambu. Walianza kuchanga upya, shilingi kwa shilingi, na tangi limesimama chini ya yale mabati. Hapa kwangu nasikia mfereji ukifunguliwa na wanawake wakicheka. Hakuna aliyenikataza kuteka. Lakini miguu yangu inakataa ile njia, na nikishika mtungi inanipeleka bondeni, mtoni.

Nyinyi mnaotumwa na wenzenu, nisikieni mimi mwanamke mzee. Ukienda kuuza na ukarudi na mzigo, usingoje Jumapili, usitafute punda. Rudi nao mchana, barabara kubwa, ukiwa umeubeba kichwani. Watakucheka, ndiyo, lakini watakusaidia kuutua.