Chapati za Mke Mwenzangu Nawapa Kuku

Mwenye ukurasa, nakusalimu wewe na wasomaji wako. Jina langu libaki kwako, maana Makambako lori likipata pancha asubuhi, mchana mji mzima unajua. Nina miaka thelathini na sita, kwetu ni Kifanya, na nimeolewa hapa na mfanyabiashara anayepeleka viazi Dar es Salaam. Ana wake wawili. Mimi ndiye mkubwa, na nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kunipamba.

Mume wangu alinipata kwa chapati. Biashara zilipofunguliwa na unga wa ngano ukaanza kupatikana bila foleni, niliweka jiko langu karibu na maegesho ya malori. Madereva walikuwa wakishuka tu wanauliza, "Yule Mbena wa chapati yupo?" Yeye alikuwa mmoja wao. Aliponioa aliwaambia ndugu zake mbele yangu, "Huyu nimeoa mikono." Nilisilimu, nikazaa binti, nikajiona nimefika.

Kisha tumbo likaanza. Kuharisha, kujaa gesi, kukonda, kuishiwa damu, na mimba mbili zikatoka. Mara niambiwe taifodi, mara minyoo, dawa nilimeza mpaka nikachoka. Mnajua miaka hii mtu akikonda watu wanasema nini. Nilipima hicho wanachokisema, sina, lakini utawaonyesha majibu watu wangapi? Wateja wakawa wanakunywa chai na chapati hawagusi. Na kila aliyenionea huruma alikuja na mkate. Mama yangu mzazi alitoka Kifanya, viazi vimejaa nyumbani kwake, akapita stendi kuninunulia mkate kwa sababu mgonjwa hapelekewi viazi. Nikaula na chai mbele yake ili afurahi. Kesho yake sikuinuka.

Katika hali hiyo mume wangu akaoa mke wa pili. Nitamwita Mwajabu. Dini inamruhusu, sibishi, lakini iliniuma na bado inaniuma.

Mwisho tulikwenda hospitali moja ya misheni upande wa Njombe, nikapimwa na daktari mgeni. Damu yangu ikatumwa mbali, halafu nikaambiwa kuna kipimo kingine cha kuingizwa mpira kooni ili wakate kinyama kidogo cha utumbo. Daktari akasema, "Mama, nahisi ngano ndiyo inayokuumiza. Lakini usiiache bado. Ukiiacha sasa utumbo utaanza kupona na hatutaona kitu. Kula kila siku mpaka tumalize vipimo."

Nile kila siku, na kusimama jikoni siwezi! Mwajabu ndiye aliyenipikia. Chapati zake za kwanza zilikuwa ngumu kama kandambili. Mimi nimelala, mlango wazi, namwelekeza, "Weka maji ya moto. Kanda tena. Uache unga upumzike, usiukimbize." Naye ananiuliza, "Hivi, dada?" Wiki zikapita, mimi nakula maumivu yangu, yeye anajifunza. Majibu yalipotoka, ugonjwa ukaitwa seliaki. Daktari akasema dawa yake ni kuacha ngano maisha yote: chapati, maandazi, mkate, tambi, hata sufuria iliyobakiza unga. Siku hiyo mimi niliaga jiko langu, na Mwajabu alikuwa ameshahitimu.

Nimepona, Mungu ashukuriwe. Ugali, wali, maharage na viazi vimenirudishia mwili, hata waliokuwa wakininong'ona sasa wananisalimia kwa heshima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji amepona kweli, ila jiko la maegesho analo mgeni. Madereva wanamwita Mama Chapati. Kwangu nina sufuria zangu na mwiko wangu, hakuna anayeruhusiwa kuvigusa, na nikienda harusini nabeba viazi vyangu kwenye kikapu. Mume wangu anakunywa chai kwa Mwajabu, halafu akija kwangu anasimama mlangoni ananawa na kusukutua mdomo asije akanidhuru. Mwingine angefurahi kupendwa hivyo. Mimi namtazama anavyosukutua na roho inaniuma.

Sasa sikilizeni. Tangu mfungo uishe, kila Ijumaa Mwajabu ananiletea sahani imefunikwa kawa. Chapati! Mara ya kwanza aliniambia, "Dada, ni mchele mtupu. Nimetwanga mwenyewe, mashineni sijapeleka maana pale wanasaga na ngano. Kikaango nimenunua kipya, nakificha chumbani." Nikampokea, nikamshukuru, alipoondoka nikawapa kuku. Kuku wangu wamenawiri. Akiniuliza zilikuwaje, namjibu, "Nzuri sana, mdogo wangu."

Nilijidanganya kwamba naogopa kuumwa. Lakini Ijumaa iliyopita niliishika moja kabla ya kuitupa. Nikaikunja, haikukatika. Wasomaji, mimi nimejaribu unga wa mchele kwa siri mara nyingi, unanikatikia vipandevipande. Mimi niliyeolewa mikono! Nilikaa bandani na ile chapati nikalia, na kuku wananizunguka wakidai chakula chao.

Juzi Mwajabu amekuja na neno jipya. "Dada, Baba akirudi kutoka safari yake ijayo ya Dar nataka tule wote, sahani moja. Nyumbani mimi naiacha ngano, iishie kule kwenye malori. Tupike jiko moja." Mume wangu amefurahi mno, ameshaanza kutafuta fundi wa kujenga hilo jiko.

Nikikataa, nitaonekana mwenye roho mbaya, na kuku nao watanisuta. Nikila nikaumwa, nitajua ni adui yangu, na niseme ukweli, nitapumua. Ninachoogopa ni kula nisiumwe. Ninaogopa iwe tamu kuliko zangu za zamani, na mume wangu ananitazama ninavyotafuna. Nitamchukia Mwajabu kwa lipi tena? Chuki hiyo ndiyo kitu pekee cha jikoni kilichobaki mkononi mwangu.

Ndugu zangu, msinionee haya, nishaurini. Siku akiifunua ile sahani mbele yetu wote, nifanye nini?