Undugu wa Njia ya Pwani

Shuleni kwa masista nilifundishwa mito ya Ulaya, na mpaka leo naweza kuitaja yote, ingawa sijapata kuchota maji katika hata mmoja. Nchi yetu wenyewe nilifundishwa na babu, baba wa baba yangu, ambaye ujanani alikuwa mpagazi wa misafara, kabla Mdachi hajajenga boma Tabora na kabla Mwingereza hajaja kumtoa. Somo lake lilianzia mlangoni petu, kwenye njia ya Kipalapala, likaishia Bagamoyo. Alijua kisima gani kina maji ya chumvi, mtemi yupi alidai hongo, ule ushuru wa kupita, kwa nguo na yupi alitaka shanga, wapi wanyang'anyi wa ruga-ruga walijificha na kwa nini walipenda kuwavamia watu wa mkiani mwa msafara. Vita alivichora mchangani kwa kidole, na ole wako ukanyage jeshi lake wakati unapita na ndoo ya maji.

Nilimpenda sana, na mara nyingi nilimchoka. Ukimwuliza kama ameshiba, atakwambia habari za njaa ya Ugogo.

Mchumba wangu alikuwa seremala wa misheni, kijana wa upande wa Igunga, mtoto wa wafugaji. Alikuwa mkimya, jambo lililonifaa kwa sababu maneno ninayo ya kututosha wote wawili. Tulikubaliana wenyewe kwanza, kisha akatuma mshenga kwetu na jembe jipya, dalili ya posa kama ilivyokuwa desturi. Baba alilipokea kwa furaha. Mama alikwisha kuanza kuhesabu kuku wa harusi, maana alikuwa akiogopa nisije nikaangukia kwa mgane mmoja wa mjini aliyekuwa akipitapita kwetu kwa kisingizio cha kuuza chumvi.

Babu hakuwa na haraka. Alimwuliza mshenga ukoo wa kijana, akauliza kijiji, akauliza babu yake ni nani na alitembea wapi. Mshenga akasema babu wa kijana naye alikuwa mpagazi zamani, mtu mrefu aliyekatwa ncha ya sikio.

"Sikio la kushoto?" babu akauliza.

"La kushoto, mzee."

"Yu hai?"

"Yu hai. Siku hizi ng'ombe anawachunga kwa mdomo tu, lakini yu hai."

Nilimwona babu akitabasamu, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanaanza. Alimwomba baba lile jembe, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akamrudishia mshenga.

"Huyo ni ndugu yangu wa kuchanjana," alisema. "Watoto hawa ni ndugu. Hawawezi kuoana."

Yapasa nieleze, kwa maana vijana wa leo ukiwatajia chanjo wanafikiri sindano ya hospitali. Sheria ya msafara ilikuwa kali. Mpagazi aliyetupa mzigo alipigwa viboko, na aliyeugua au kujeruhiwa aliachwa njiani, kwa sababu hakuna aliyekuwa na bega la ziada. Kwa hiyo vijana walipofika Tura, kabla ya kuingia msitu wa Mgunda Mkali usio na maji, walichanjana wawili wawili. Kila mmoja alichanjwa kifuani kidogo, damu yake ikapakwa kwenye kipande cha ini lililochomwa, na mwenzake akala. Mtu mzima alisimama akinoa kisu juu ya vichwa vyao huku akisema laana: atakayemwacha ndugu yake, na aumwe na nyoka, tumbo lake livimbe, asizikwe. Tangu hapo walikuwa ndugu kuliko wa tumbo moja, na kwa jinsi babu alivyoijua sheria hiyo, uzao wao ulikuwa uzao mmoja.

Babu aliamini chanjo kwa sababu ilimwokoa. Katika safari ileile, ruga-ruga waliwavamia ndani ya Mgunda Mkali, naye akapigwa risasi ya gobori mguuni. Msafara ukakimbia. Yule mwenzake alikuwa mbele, amekwisha kusalimika, lakini alirudi. Alitupa pembe ya ndovu aliyokuwa ameibeba, akambeba babu mgongoni mpaka kwenye maji, na huko kiongozi wa msafara akamcharaza viboko kwa ajili ya ile pembe. "Chanjo ndiyo iliyomrudisha," babu alipenda kusema. Mguu wake haukunyooka tena.

Sasa hoja ya mtu aliyebebwa mgongoni utaijibu kwa kitu gani? Nilijaribu. Nilikwenda kwa padre, akafungua kitabu cha sheria za Kanisa, akaniambia hakioni kizuizi cha namna hiyo, lakini hatatangaza ndoa kanisani wakati wazee wetu hawajakubali. Nilimweleza babu kwamba Kanisa halina neno. Akanijibu kwamba siku ile msituni hakumwona padre yeyote. Nilikasirika hata nikaunguza maharage, na nikamwekea yeye yale ya chini ya chungu. Akayala yote, akasema asante, mke wangu, maana ndivyo alivyonitania tangu utotoni. Nilitoka nje nikalia.

Baba hakuwa mtu wa kumpinga baba yake. Muuza chumvi akaanza kuja tena, safari hii amevaa viatu.

Mchumba wangu hakusema mengi, kama kawaida yake. Alipanda lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, akafika kwao, akamweleza babu yake yaliyotokea. Waliporudi walikuwa wawili. Sijui mzee yule alivumiliaje kukalia magunia njia nzima, lakini alishuka amenyooka, mrefu kweli, sikio limekatwa kama nilivyoambiwa. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanitazama kidogo, akauliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi.

Walipoonana na babu walishikana mikono wasiachiane kwa muda mrefu. Waliketi kwenye iwanza, kibanda cha wanaume kulia chakula, pamoja na baba na mchumba wangu. Mimi nilileta maji ya kunawa, kisha nikasimama palepale na chombo changu, na hakuna aliyenifukuza. Wazee walianza kwa kuitembea njia yote upya, kambi kwa kambi, wakabishana kwamba kisima fulani kilikuwa kushoto au kulia. Nilitamani kuwamwagia yale maji.

Mwishowe babu akasema, "Ndugu yangu, watoto hawa nusura watutie aibu."

Mgeni akauliza, "Unakumbuka pale Tura tulikula ini la mnyama gani?"

"Kondoo. Mbuzi hawakupatikana."

"Na sisi kwetu je, kondoo?"

Babu alizijua koo zote kuanzia Tabora mpaka Igunga na miiko yao. Nilimwona akitafuta njia ya kuzunguka jibu lake mwenyewe asiipate.

"Haliwi," akasema polepole. "Ni mwiko wenu."

"Niliona haya kusema mbele ya watu. Wote walikuwa wananitazama, na kisu kinanolewa juu ya kichwa changu. Nikaliweka shavuni. Walipogeuka kukuangalia wewe ukila, nikalitema majanini nikalifunika kwa mguu." Mzee aliinamisha kichwa. "Nimekaa nalo moyoni tangu siku ile. Ningekufa nalo. Lakini huyu kijana alikuja akaniambia anakatazwa mke kwa ajili ya ini ambalo sikulimeza."

Baba akaanza kukohoa, na nilijua anaficha kicheko. Mimi sikuweza kucheka. Roho yangu yote ilikuwa kwenye uso wa babu, maana neno lililobaki lilikuwa lake.

Alilipima jambo kama anavyopima mzee wa baraza. "Mimi nilikula damu yako," alisema. "Wewe hukula yangu. Undugu wa upande mmoja haupo. Laana nayo haikukufunga."

"Haikunifunga."

"Kwa hiyo watoto si ndugu."

"Si ndugu hata kidogo."

Niliketi chini hapohapo, maji yakanimwagikia miguuni, na mchumba wangu akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Lakini babu alikuwa bado hajamaliza. Aliushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili kama ndiyo kwanza unaanza kuuma.

"Kule msituni," alisema. "Ulijua kwamba hujafungwa."

"Nilijua."

"Nyoka asingekuuma. Tumbo lisingevimba."

"Nilijua, mzee mwenzangu."

"Na pembe ukaitupa, ukijua kuna viboko."

"Niliitupa."

"Sasa ulirudia nini?"

Mgeni alionekana kushangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuulizwa. "Nilikusikia unaita," alisema.

Babu yangu alikuwa na jibu la kila kitu: vita, njaa, mipaka ya watemi, kosa gani lilitozwa ng'ombe na lipi mbuzi. Siku ile machozi yalimtiririka asiyafute, na hakuna mmoja wetu aliyethubutu kusogea. Maisha yake yote alikuwa ameishukuru chanjo.

Kisha alinigeukia pale chini nilipoketi nimelowa.

"Mke wangu," alisema, "hawa ndio watu wa kwenda kuolewa kwao. Inuka ukamwambie mama yako achinje kuku, na mshenga aitwe arudi na jembe lake."

Niliinuka, nikakimbia.