Kiatu cha Ushuhuda

Kwenye kanisa la shangazi, mtu akipona anapewa maiki. Asipopona anaambiwa arudi nyuma akakae, imani yake ipate joto kwanza. Mimi nimekaa nyuma miaka yote bila kuumwa chochote, kwa sababu nina aibu. Siyo ile aibu ya kujifanya, ya wasichana wanaoziba uso huku wanachungulia kati ya vidole. Ya kwangu ni ya kushindwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu wa Bailojia akiniuliza swali ninalolijua, koo linajifunga kama duka lililosikia watu wa kodi wanapita mtaani. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilichofanya baadaye kilikuwa ushujaa.

Mama alichomwa na mwiba wa mgunga kwenye kidole gumba cha mguu, akiwa anaanika nguo uani kwetu Mkonze. Hakusikia. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye kandambili, nikamwonyesha, akashangaa kama vile mguu ni wa mtu mwingine. Huo ndio ubaya wa kisukari. Kinakuibia maumivu kwanza, halafu ndipo kinarudi kuchukua mguu.

Nesi wa zahanati hakuzunguka. Alisema vidonge kila siku, kidonda kisafishwe, asitembee peku, la sivyo mguu utakatwa. Alisema "utakatwa" kama mtu anayesema leo kuna vumbi. Mama akacheka njia nzima tukirudi, na tulipofika nyumbani akakaa mbele ya cherehani yake, akaukanyaga ule ubao wa chini, polepole, bila kitambaa chochote kwenye sindano. Anashona sare za shule na magauni ya sendoff. Cherehani yetu ni ya miguu. Sikuhitaji kuelezwa.

Baba anafanya kazi Mpwapwa, kwenye mifugo, na anarudi nyumbani akipata nafasi. Kwa hiyo aliyekuja kutuongoza kwenye majaribu ni dada yake.

Shangazi anakaa Chang'ombe ya hapahapa kwetu na ni kiongozi wa maombi. Akija peke yake anasalimia "Mbukwenyi" kama watu wote wa kwao, anavua viatu, anauliza kama kuna karanga. Akija na kundi lake anabadilika. "Bwana Yesu asifiweee!" mpaka kuku wanatoka chini ya meza. Safari hii alikuja na kundi. Na kwa kuwa kwetu mtu anayekuja kumwona mgonjwa haondoki bila kula, wao wakawa wanaomba sebuleni na mimi nasonga ugali jikoni, na nilivyosikia, maombi yalikuwa yakipanda sauti kadiri mlenda ulivyokuwa unakaribia kuiva.

Wanaomba wote kwa pamoja, kila mtu na lake. Ni kama stendi: wapiga debe wengi, kila mmoja anavuta upande wake, na abiria ni mmoja tu, Mungu, amesimama katikati na begi lake.

"Wifi," shangazi alisema wakati wa kunawa, "usione hili ni baya. Mungu akitaka mtu amsogelee, anampitisha kwenye mateso."

"Angenipigia simu tu, wifi," mama akasema. "Namba yangu sijabadilisha."

Kundi lilicheka kidogo, halafu likakumbuka kwamba halitakiwi kucheka. Shangazi hakucheka kabisa. Alisema mzaha ndio mlango wa adui, akaongeza mlenda.

Hapo ndipo ulipopangwa mfungo. Mfungo mkavu, bila chakula wala maji, kuanzia Alhamisi jioni mpaka Jumapili ibadani. Mama alikubali. Siwezi kumlaumu. Mtu aliyeambiwa mguu utakatwa anakubali vitu vingi.

Jirani yetu ni mama mmoja wa Kondoa, Mwislamu, anauza vitumbua asubuhi na anajua habari zote kabla hazijatokea. Ijumaa alipitisha bakuli la uji juu ya ukuta, mama akakataa.

"Nimefunga, jirani."

"Umefunga? Wewe mwenye sukari? Sisi tunaofunga mwezi mzima, mgonjwa kama wewe tunamwambia kula, Mungu anakuona."

"Ya kwenu ni tofauti."

"Tumbo ni hilohilo, shoga. Likikosa chakula sukari inashuka, tukifuturu tunaipandisha tena kwa tende na kaimati. Haya, uji huu nampa nani?"

Niliunywa mimi.

Jumapili mama aliingia kanisani akiyumba. Shangazi akatangaza kwamba Roho ameshaanza kumshika. Mimi niliona midomo iliyopasuka kwa kiu, lakini nilikuwa nyuma. Dada mmoja wa kundi alikuwa na kile kipimo kidogo cha sukari, cha kutoboa kidole. Wakakitumia mbele pale, madhabahuni, kinanda kikipigwa taratibu kwa chini. Mchungaji akasoma namba, akaisoma tena, halafu akapiga kelele: "Imeshukaaa!"

Kanisa likalipuka. Watu waliruka, viti vikaanguka, mama mmoja alikimbia mpaka nje ya geti akarudi. Tangu Alhamisi mtu hajaweka hata punje mdomoni, sukari imeshuka, na watu wazima wenye vyeti na watoto chuoni wanalia machozi ya furaha. Shuleni tulikuwa tumetoka kusoma mada hiyo wiki ileile. Ningeweza kuwachorea mchoro.

Mama akapewa maiki. Alisema, "Nimepona," kwa sauti ndogo, wakamwambia aseme kwa nguvu, akasema kwa nguvu. Halafu shangazi akatoa boksi. Kwenye kanisa lao, aliyeponywa mguu hutembea mbele ya watu kwa viatu vipya, vya kufunika, vya ngozi nyeusi, na shangazi alikuwa ameshavinunua kabla ya kipimo. Hiyo ndiyo imani, alisema. Mama alikuwa na vidonge vyake mkobani. Vikatolewa vikawekwa madhabahuni, vibaki pale kama silaha za adui aliyeshindwa.

Kuanzia siku hiyo mama akawa hawezi kuumwa. Sisemi aliacha kuumwa. Nasema hawezi. Mtu aliyetangaza uponyaji kwa maiki, akionekana kwenye foleni ya zahanati, amemwaibisha Mungu, mchungaji, na ukoo wa mume wake. Watu walikuja kumtazama. Walimwomba atembee kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani. Alitembea, na alipofika kwenye cherehani alitabasamu, na wakiondoka alivua kile kiatu nikaona soksi imegandia.

Tulibaki na kitu kimoja tu, beseni. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikatia chumvi kidogo kama nesi alivyotuelekeza.

"Shangazi akijua?" niliuliza.

"Kuosha miguu siyo dawa," mama alisema. "Hata Yesu aliosha."

Basi kila nikitoka shule nilikaa chini na mguu wa mama mapajani mwangu. Kidonda kilikuwa na harufu sasa, ile harufu tamu mbaya, kama embe lililosahaulika kwenye kabati. Mama alitazama ukutani akawa ananiambia habari za wateja. Sijui kuomba kwa sauti, sijawahi kujua, kwa hiyo nikawa naongea na Mungu kimoyomoyo, na mengi hayakuwa ya heshima. Nilimwambia, kama ulitaka kutuvuta karibu, kwa nini umeanzia kwenye kidole gumba? Nilimwambia, unasikia zile kelele za Jumapili au na wewe unaenda kukaa nyuma? Nilimwambia, nina hasira na wewe na nina mtihani wa Jiografia kesho.

Hakujibu. Lakini naandika ukweli hapa: hakuondoka pia. Ilikuwa kama kukaa na mtu mwenye aibu kama yangu. Tunaotazama chini tunajuana. Nikaanza kuwahi nyumbani kwa ajili ya lile beseni, mimi ambaye ibadani nilikuwa nahesabu mabati ya dari. Wote walituambia mateso yanamsogeza mtu kwa Mungu, nikawadharau, na sasa ikawa kweli, jambo lililoniudhi sana, maana sikutaka shangazi awe amesema kweli.

Nilimpigia baba. Alinisikiliza, akakohoa.

"Ng'ombe akiwa na kidonda cha namna hiyo hapa," alisema, "tunampiga sindano siku hiyohiyo."

"Sasa baba, na mama?"

Nilisikia ndama analia nyuma yake.

"Unajua shangazi yako ndiye aliyenisomesha," baba alisema. "Ngoja nije, tutaongea naye taratibu."

Ng'ombe wa Mpwapwa wana bahati zao.

Kabla baba hajaja, ikafika Jumapili ya shukrani. Alikuwepo mchungaji mgeni, spika za kukodi, na mama akapangwa kutembea tena mbele kwa viatu vyake. Asubuhi ile nilipoosha kidonda, ngozi ya kidole ilikuwa nyeusi. Mama aliona nimeona.

"Nifunge vizuri," akasema. "Leo tu. Kesho tutaona."

Nilimfunga. Nikamwambia Mungu, kwa ukali kabisa, basi fanya kitu. Na niliposema hivyo nikajisikia vibaya ghafla, kama mtu aliyemwagiza mgeni maji huku ndoo iko mkononi mwake mwenyewe.

Mama alitembea. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona anavyoukanyaga mguu kwa pembeni, na watu wanashangilia. Halafu mchungaji mgeni akasema, "Aliyeponywa ana familia? Nataka familia ishuhudie!" Shangazi akanyoosha mkono moja kwa moja mpaka nilipo. "Binti yake yule pale! Njoo, mwanangu, usimwonee Bwana haya!"

Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka maiki ilikuwa ya moto kutoka kwenye mkono wa mtu mwingine. Nakumbuka kanisa lote linanitazama na mimi natazama viatu. Koo likajifunga, kama kawaida. Nikasimama tu. Kinanda kikajaribu kunisaidia kikachoka, kikanyamaza. Shangazi akaninong'oneza, "Sema Bwana ametenda." Sikusema. Watu wakaanza kukohoa. Na katika ule ukimya wa aibu, ambao kwa mtu kama mimi ndio jehanamu yenyewe, nikamsikia Mungu, yule wa kwenye beseni. Simaanishi sauti. Namaanisha ukimya ulikuwa uleule wa nyumbani, na yeye alikuwemo, ananisubiri kama ninavyomsubiri.

Nilimgeukia mama. Nilitaka kumwambia yeye peke yake. Nikasahau kwamba maiki iko mdomoni.

"Mama, vua kiatu."

Spika za kukodi ni nzuri. Muuza mihogo ng'ambo ya barabara alisikia.

"Pepo la aibu hilo!" shangazi alisema haraka. "Mkemee!" Mchungaji mgeni akanyoosha mkono juu ya kichwa changu. Lakini mama alikuwa ameshakaa chini, palepale kwenye ngazi ya madhabahu, na alikuwa anafungua kamba. Alihangaika na soksi. Nikamsaidia. Bandeji niliyofunga asubuhi ilikuwa imelowa.

Harufu ilifika safu ya kwanza, kisha ya pili. Watu waliokuwa wanasukumana kusogea mbele wakaanza kusukumana kurudi nyuma.

Mama akaniambia, siyo kwa maiki, "Chukua vidonge vyangu pale. Twende hospitali."

Nilivichukua kutoka madhabahuni, mbele ya wachungaji wawili. Hakuna aliyenizuia, labda kwa sababu ya harufu. Tulitoka mama akiwa peku mguu mmoja, ameniegemea, na yule muuza mihogo akatuitia bajaji.

Walimkata kidole gumba na kidole jirani yake. Mguu ulibaki. Daktari alisema ingepita wiki nyingine tungekuwa tunaongea habari za goti, kisha akauliza mlikuwa wapi siku zote hizi, na mama akajibu, "Nilikuwa nimepona." Daktari hakuelewa. Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika.

Kanisani, nimesikia, habari imeshatengenezwa. Inasemekana Bwana alimtumia binti mwenye aibu kufichua ugonjwa uliojificha. Inasemekana lilikuwa kusudi lake tangu mwanzo. Naambiwa maiki inanisubiri.

Shangazi alikuja Mkonze mama aliporuhusiwa. Peke yake, bila kundi. Alisema "Mbukwenyi" mlangoni, akavua viatu, hakuuliza karanga. Nilikuwa chini na beseni, naosha ule mguu wa pili, ulio mzima, na kuukagua kati ya vidole kama tulivyoagizwa. Shangazi alisimama, akafumba macho, akafungua mdomo kuomba, na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Nilimtazama nikajua ninachokiona. Koo lilikuwa limejifunga.

Nikasogea kumpa nafasi, nikampa kitambaa. Alikaa sakafuni, akauchukua mguu wa mama, akawa anaufuta polepole bila neno, machozi yanadondoka kwenye beseni. Ilikuwa ibada ndefu. Nilikuwa na maneno makali niliyoyaandaa tangu hospitali, mazuri kweli, lakini yule wa kwenye beseni alikuwa ameshafika, na mbele yake naona haya.

Mama ndiye aliyemaliza ibada.

"Wifi," alisema, "ukishamaliza kulia, mwaga hayo maji. Halafu nisogezee cherehani, watu wanadai sare zao."