Mama Asiyepepesa Macho

Enzi zetu filamu ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Najua mtu wa miaka kumi na saba akisema "enzi zetu" watu wazima wanacheka. Baba alicheka jana nilipomsomea sentensi hiyo. Lakini nyie wa rika langu mnanielewa. Mnakumbuka mfuko wa nailoni wa CD ulivyonata vidoleni. Mnakumbuka tulivyoisugua CD kwenye sketi ya shule, tukaipulizia pumzi, tukairudisha kwenye deki, na picha ikaganda tena palepale jambazi anapotaka kupigwa. Mdogo wangu ana miaka saba. Nilipomweleza habari ya picha kuganda aliniuliza, "Sasa si mngebadilisha simu?"

Ninaandika nikiwa nyumbani Nkunga. Nimetoka hosteli juzi na mvua haijakata tangu asubuhi. Tulipokuwa wadogo mvua haikutuzuia kitu, maana mtoto wa Rungwe akisubiri mvua iishe ndipo acheze, hatacheza. Tulibandua ganda la mgomba, tukalikalia, tukateleza kutoka juu njiani mpaka chini kwenye chai, makoti ya baba zetu yakiburuta matope. Tukirudi tulinuka utomvu wa mgomba, ule unaotia madoa yasiyotoka, na mama alinivua nguo huku akisema, "Hii sketi siyo yako tena, ni ya mgomba." Halafu mbalaga ya moto, ndizi zimelainika mpaka zinakatika kwa ulimi, na kimya. Nasema kimya kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya kimya, na hicho kimya ndicho nimekaa chini kukiandika.

Mama yangu alikuwa mwigizaji wa filamu za kutisha.

Siyo mwigizaji mnayemjua. Aliigiza filamu sita, zote za mizimu na majini, zote na kikundi kimoja cha watu wa Mbeya waliokuja kurekodia huku kwetu kwa sababu ukungu wa huku ni wa bure. Kwenye makava jina lake liliandikwa mwisho, kwa herufi za kutafuta kwa kidole, na mara mbili lilikosewa. Ila sura yake ndiyo iliyowekwa mbele, kubwa, imepakwa unga wa ngano, macho yamezungushiwa masizi. Kazi yake ilikuwa kutokea na kutazama. Alitokea mlangoni, alitokea kisimani, alitokea nyuma ya bibi harusi, halafu akaitazama kamera bila kupepesa mpaka mwongozaji aseme basi. Hakupewa hata neno moja. Mwongozaji alimwambia Kiswahili chake kina Kinyakyusa kingi, mzimu ukiongea vile watu watacheka. "Wewe tazama tu, dada. Macho yako yanatosha."

Mazoezi alifanya na mimi. Tulikaa jikoni, moshi wa kuni katikati yetu, tukatazamana, na wa kwanza kupepesa anaosha vyombo. Niliosha vyombo utoto wangu wote.

Shuleni nilikuwa mtoto wa jini. Dawati la watu watatu nilikaa peke yangu. Kwenye rede hawakunilenga na mpira, waliogopa mama atawatokea, kwa hiyo nilibaki katikati mpaka mwisho, kila mara. Nyie mliocheza rede mnajua kubaki mwisho ni ushindi. Basi mimi nilishinda kila siku na hakuna aliyenipigia makofi. Kengele ikilia niliokota kandambili zangu nikarudi darasani.

Nje ya filamu, mama alikuwa mtu wa kuinamisha macho. Wanyakyusa wenzangu mnajua, wengine niwaeleze. Kwetu mke wa mtu hatazamani na baba mkwe wake. Hakutani naye njiani, hamtaji jina, haongei naye, na mkwe naye hamtazami. Ni heshima, tunaiita kutila. Wengi siku hizi wameacha, mjini ndiyo kabisa, lakini babu yangu, baba yake baba, ni mtu wa zamani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya migomba na kila jioni alikuja kula kwetu. Akifika kwenye mgomba wa mwisho alikohoa. Hakuwa mgonjwa wa kifua. Alikohoa ili mama apate nafasi ya kuvuta kanga kichwani na kupitia mlango wa nyuma kwenda jikoni. Babu akaingia sebuleni, na kuanzia hapo njia yao ilikuwa mimi.

"Mwambie babu chakula tayari."

"Babu, mama anasema chakula tayari."

"Mwambie mama yako ndaga. Na ndizi zake leo zimekaa sawasawa."

Kutoka sebuleni mpaka jikoni ni hatua sita. Kila mmoja alikuwa ameshasikia kabla sijafika. Nilienda hivyohivyo, nikasema ndaga, yaani asante, nikarudi. Nilidhani kila nyumba iko vile, na kwamba watoto wanazaliwa kwa kazi hiyo.

Babu alipenda picha za ngumi, na baada ya kula aliniambia niweke deki. Baba, ambaye anaendesha lori la majani ya chai, alikuwa na sheria moja tu kuhusu deki: "Za mama zinawekwa babu akishaondoka."

Nilipokuwa darasa la tatu, mwongozaji alipiga simu. Kulikuwa na filamu ya saba, na safari hii mama ataongea. Angekuwa mwanamke aliyekufa zamani anayerudi kubisha hodi kwenye nyumba aliyoishi. Sentensi zake zilikuwa chache, ziliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, baba akaja nayo kutoka Mbeya. Mama hasomi haraka, kwa hiyo nilimsomea mimi mpaka wote wawili tukazijua. Alizisema akipepeta maharage, alizisema akienda kisimani, alizisema polepole akitafuta kila herufi mahali pake ili asichekwe. Sijawahi kumwona vile, si kabla, si baada.

Jumamosi ya wiki ileile mama alikuwa shambani kwenye chai, baba yuko safari. Babu alikuja mapema kwa sababu ya mvua. Alikohoa bure, hakukuwa na mtu wa kujificha. Akakaa, akatundika koti, akasema, "Mwisukulu wangu, weka picha."

Mwisukulu ni mjukuu. Nilisimama mbele ya deki nikawaza kitu ambacho nakikumbuka mpaka leo. Kila mtu alikuwa amemwona mama yangu. Watoto wa shule walimwona, wa bodaboda walimwona, watu wa sokoni Tukuyu ambao hata salamu hawampi walimwona. Mtu mmoja tu, anayekula chakula cha mkono wake kila siku, hajui sura yake. Niliona siyo haki. Na niseme ukweli wote, maana hili ni daftari langu: nilitaka mtu mmoja akae karibu yangu atazame picha ya mama na mimi bila kunikimbia.

Niliweka.

Mwanzoni babu alicheka, maana kuna mlevi anaanguka mferejini. Kisha ukungu ukaja, maji ya ziwa yakatikisika, mama akatoka na shuka jeupe akaitazama kamera. Yaani alimtazama babu, pale kwenye kiti. Babu alisogea mbele kidogo.

"Huyu dada ana macho," alisema. "Mtoto wa nani huyu?"

"Ni mama," nikasema.

Hakupiga kelele. Alivua kofia akaziba nayo uso, akasimama, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka kwenye mvua bila koti. Mimi nilicheka. Nilidhani ameogopa mzimu. Nikageuka, na mama bado alikuwa anakitazama kiti kitupu.

Kesho yake jioni hakukuwa na kikohozi. Keshokutwa vilevile. Mama alipakua, chakula kikapoa, akakifunika. Siku ya tatu akaja shangazi, dada yake baba, akasimama uani bila kukaribia kiti.

"Mzee hali tena hapa. Mkwe wake amemtazama."

"Picha siyo mtu, dada," baba akasema.

"Na macho ni ya nani?"

Baba akageukia migomba.

"Nani aliiweka?" shangazi akauliza.

Nilikuwa nyuma ya mlango na mfuko wa nailoni mkononi. Mama akajibu upesi, "Mimi. Niliisahau kwenye deki." Alisema hivyo akinitazama mimi, na alipepesa.

Mambo yalitengenezwa kwa utaratibu wa ukoo ambao watoto hatukuitwa kuuona. Nilichojua ni kwamba mama aliahidi kuacha picha. Mwongozaji alipiga simu mara tatu. Simu ililia juu ya kabati na mama akaendelea kupepeta maharage mpaka ikanyamaza. Kama filamu ya saba ilitengenezwa, sijui. Babu aliendelea kula kwa shangazi, kazi yangu ya kubeba maneno ikaisha, na zile sentensi sikuzisikia tena. Hatukutazamana tena jikoni. Vyombo niliosha tu. Mimi na mama hatujawahi kuongea habari ya siku ile, hata mara moja, na yeye anajua, na mimi najua kwamba anajua.

Sasa babu haoni. Mtoto wa jicho alianza jicho la kulia akahamia la kushoto, na mwaka jana baba alimleta kukaa kwetu kwa sababu njia ya kwa shangazi ilishamshinda. Anakaa barazani, karibu na dirisha la jiko. Bado anakohoa kabla ya kusimama, na mama bado anavuta kanga kichwani. Nikiwa hosteli Bulyaga, maneno yanabebwa na mdogo wangu, na anayabeba vibaya. Hanyanyuki. Anapiga kelele kutoka kwenye kochi, macho kwenye simu ya baba: "Mama, babu kasema chumvi."

Deki ilikufa zamani. CD za mama zimefungwa kamba kwenye bustani ya maharage, zinafukuza ndege. Leo mchana upepo ulizigonganisha, babu akainua kichwa.

"Nini kile?"

"CD, babu. Za ndege."

"Za mama yako?"

Nikazitazama zikizunguka. Akauliza taratibu, "Kwenye ile picha alikuwa anasema nini? Niliondoka hajasema."

"Hakusema kitu, babu. Zote sita hasemi."

"Hata jina lake?"

"Hata jina." Kisha nikajikuta nasema. "Kulikuwa na ya saba. Hiyo ndiyo alikuwa aongee. Hakwenda. Babu, siku ile niliiweka mimi."

"Najua," alisema. "Nani mwingine alikuwepo, paka?"

Nilitaka kucheka, machozi yakatoka kwanza.

"Na hayo maneno ya saba, unayo?"

Nilikuwa nayo. Nina aibu hata ya kusoma darasani, mwalimu akinitaja natamani dawati linimeze, lakini niliyasema. "Sikuja kuwatisha. Nilikuwa naishi hapa. Kisha nitaondoka."

Jikoni mwiko ukasimama.

"Umeruka," mama akasema.

Hakusema kwa nguvu. Mvua ilikuwa juu ya bati na bado tulimsikia. Nilidhani ameishia hapo. Halafu ikaja ile sauti ya wakati niko darasa la tatu, kila herufi mahali pake.

"Sikuja kuwatisha. Nilikuwa naishi hapa. Fungueni mlango, mnitazame mara moja tu, kisha nitaondoka."

Babu alivua kofia, akayaziba nayo macho yake yasiyoona. Alikaa hivyo mpaka mwiko ulipoanza kugonga sufuria tena.

"Mwambie mama yako nimesikia."

Kutoka barazani mpaka jikoni ni hatua nne tu. Nilizihesabu. Mama alikuwa ameinamia sufuria, kanga imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mama, babu anasema amesikia."

"Mwambie ndaga," alisema, na hakugeuka.

Siku hizi mambo ni mepesi. Wenzangu hosteli wanainua simu wakitoka kuoga, wanajitazama, wanaongea na watu wasiowajua mpaka betri iishe, na hakuna mzee wa kuondoka kwenye kiti. Siwasemi vibaya, nawaonea wivu. Mimi kamera ikiinuliwa naangalia chini, na wao wanadhani nina heshima. Enzi zetu mtu aliweza kuonwa na wilaya nzima na nyumbani kwake akabaki na kanga usoni. Sijui kama nazikumbuka kwa hamu au kwa uchungu. Nazikumbuka tu, hasa kule kutazamana kwenye moshi.

Jumatatu narudi shule. Jioni hii nilimwita mdogo wangu nikamfundisha: usipige kelele, weka simu chini, nyanyuka, tembea mpaka jikoni, sema, rudi. Akaniuliza kwa nini atembee wakati wote wawili wameshasikia.

Nikamwambia atembee tu.