Siku Nilipoburutwa Mpaka Mnadani

Nitasimulia mwenyewe, maana ukimwachia jirani yangu Koku atasimulia huku akionyesha kwa vitendo nilivyoanguka, na mimi kuanguka mara moja mbele ya kanisa zima kunanitosha.

Upepo uliezua nyumba yangu muda mfupi baada ya kumzika mume wangu, na nilipouza kahawa nikaamua kuijenga upya. Kujenga ni ugonjwa, mtu asikudanganye. Nililala jikoni na mabati yangu, mawingu ya mvua yakijikusanya kila jioni, na fundi wangu Hamisi (fundi mzuri sana) anaogopa mbwa kuliko radi. Marehemu aliniachia mbwa wawili wa kuwindia, Simba na Polisi. Siku Polisi alipomchania suruali, fundi aliniambia kwa upole kabisa, "Mama Advela, nikiwakuta tena hapa nashuka na nyundo yangu, utafute fundi mwingine."

Tuliwafunga, wakalia mpaka fundi akakosea vipimo. Basi kila alipopanda juu, mimi na Koku tuliwatembeza mbali. Kwetu mbwa hujitembeza mwenyewe, kwa hiyo watu walituuliza njiani kama tunawapeleka gulioni.

Jumapili hiyo Hamisi, kwa kuwa ni Mwislamu, alikuja kazini kumalizia paa, nami nikakosa ibada. Kabla ya kutoka nikafungua sanduku, nikaona njuga ambazo mume wangu aliwavalisha shingoni siku za kwenda porini. Zamani nilijua anarudi kwa mlio wa njuga hizo. Nilitaka tu kuusikia.

"Wavalishe," Koku akasema, "wapendeze kama maharusi."

Nikawavalisha, na kwa kuwa viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya kubeba matofali, kamba nikajifunga kiunoni. Kilichotutoka akilini, watu wazima wawili, ni kwamba mbwa wa mawindo akivalishwa njuga anajua ameitwa kazini.

Tulipofika karibu na kanisa ibada ilikuwa imekwisha, waumini wako nje wananadi sadaka za mavuno, na mnadishaji, Mzee Rwiza, ameinua jogoo juu. Jogoo akapiga mabawa. Nakumbuka majani ya migomba yakinichapa usoni na Koku nyuma akiita, "Kaa chini! Kaa chini!" Nikadhani anawaambia mbwa, kumbe ananiambia mimi, basi nikakaa, na safari ikaendelea nimekaa.

Nilikomea kwenye mikungu ya ndizi, kanga kichwani, Simba ana jogoo mdomoni.

"Waitu, Mama Advela," Mzee Rwiza akasema kwa heshima zote, "ibada imekupita, lakini mnada umeuwahi."

Mwinjilisti akaniinamia. "Tulijua unaumwa."

"Siumwi, Mwinjilisti. Nilikuwa nawaondoa mbwa nyumbani ili fundi apaue."

"Si ungeitikia tu," Koku akaninong'oneza.

Watu walicheka mpaka mwimbaji mmoja wa kwaya akakaa chini, na mimi, ambaye tangu mazishi sikuwa nimecheka, nikacheka na vumbi mdomoni, nikashindwa kunyamaza. Jogoo alitoka mzima ila mkia umepungua, na ilibidi nimnunue mimi, maana hakuna aliyeongeza bei.

Kicheko kilikatika Mzee Rwiza alipoinua fimbo kuwafukuza mbwa. Wakaruka, kamba ikakatika, wakashika njia ya nyumbani. Nyumbani kuna fundi, na mvua ilishaanza kunguruma.

Tulikimbia, jogoo kwapani. Tukamkuta Hamisi juu ya kenchi za paa, mbwa wote wawili wamelala chini ya ngazi, na kila akiteremsha mguu Polisi anasimama.

"Mama Advela, nilisema nitashuka niende zangu."

"Karibu ushuke, fundi," Koku akamjibu.

Hamisi akatazama mbwa, akatazama mawingu, akachukua msumari. Ningeweza kuwashika mapema, sitaficha, lakini kwanza nilikunywa chai, kikombe cha kwanza na cha pili, nikisikiliza nyundo. Bati la mwisho lilipopigiliwa nikawafunga mgombani, fundi akashuka na nyundo yake, na mvua ikapiga paa kabla hajafika barabarani.

Nimeapa mbele ya Mwinjilisti kwamba sitakosa ibada tena kwa ajili ya nyumba. Kiapo chenyewe ni chepesi, maana nyumba imekwisha.