Pacha Aliyechomwa kwa Niaba ya Mwenzake

Mama yangu na Mama Mkubwa ni pacha wa kufanana, na tangu utotoni wamekuwa wakiwachezea watu shere. Shuleni mmoja akikosea, fimbo zilimwangukia mwingine. Hata baba, siku alipojikakamua kumtongoza mama, maneno yake yote matamu alimmwagia shemeji yake. Hawa wanawake hawana haya hata chembe, nami nawapenda mno.

Mama Mkubwa ni fundi cherehani. Kutwa yuko wima, anaizunguka meza ya kukatia huku akiimba. Mama anaoka mikate zamu ya usiku. Mchana analala kwa vipande, na chakula chake ni skonzi tamu zilizopinda, zisizouzika. Ukiwaweka pamoja, hata mimi huwa nababaika.

Mwaka jana Mama Mkubwa akapata mtoto wa jicho. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano, na bibi harusi mmoja akarudisha gauni lenye mkono mmoja mrefu. Hospitali ikasema atapasuliwa, ila kwanza apimwe sukari. Fundi wetu, anayeshinda na pini mdomoni, hakutaka hata kusikia habari ya kuchomwa sindano. Akamtuma mama.

"Damu yetu ni moja," alimwambia. "Nenda ukatoe, mimi nina kazi za watu."

Mama akaenda, akaitika jina la dada yake, akatoa damu. Majibu yakaja kwamba sukari iko juu mno, upasuaji usubiri. Mama Mkubwa akalia mpaka akalowesha kitambaa cha mteja, maana bila macho kazi yake ingekuwa imekwisha. Mama akashindwa kuvumilia. Akaenda naye kwa daktari na kukiri kwamba aliyechomwa ni yeye.

Daktari, mwanamke mtulivu, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawapima wote wawili. Damu ya Mama Mkubwa ilikuwa safi. Ya mama ilikuwa ile ile ya kutisha, na hapo vicheko vikakatika.

"Mbona sisi ni kitu kimoja?" mama aliuliza.

Daktari akamgeukia fundi, akamuuliza kama karatasi moja ya kukatia kitambaa hutoa magauni yaleyale siku zote. Mama Mkubwa akasema hata kidogo, inategemea alama za chaki.

"Basi vinasaba vyenu ni karatasi moja," daktari akasema. "Ila chakula, usingizi na mawazo huweka alama zake, na mwili unazifuata: kinasaba hiki kifanye kazi, hiki kinyamaze. Miaka imepita, alama zenu zimeachana."

Mimi niliyewasindikiza na mimba yangu kubwa nikauliza kama alama hizo zitamfuata mwanangu. Akasema nyingi hufutika mimba inapotungwa, chache huenda zikabaki, wataalamu bado wanabishana. Na baadhi hubadilika mtu akibadili maisha. Mama akaomba zamu ya mchana siku hiyohiyo.

Mama Mkubwa alipasuliwa, na sasa anaona hadi vumbi la jirani. Kila asubuhi anakuja kwetu kumpima mama sukari, kwani tumegundua kumbe mama naye anaogopa sindano vilevile. Siku ile alijikaza tu. Mama Mkubwa hujichoma yeye kwanza, kwa sindano yake, anauma meno, anacheka, halafu anashika kidole cha pacha wake.