Dawa Iliyopitia Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, wadi ya akili kule Kitui, sista msimamizi alinipa aproni na onyo: "Hapa ukiogopa wagonjwa, nenda ukafundishe nasari." Sikwenda.

Baadaye nilihamishiwa Makueni, kliniki ya akili ya siku ya soko. Wakati huo wengi waliokuja kuchukua dawa walikuwa jamaa. Mgonjwa alibaki nyumbani. Mama mmoja wa Kilungu, Syombua, alimchukulia mwanawe Kioko haloperidoli, tembe za kutuliza sauti anazosikia mtu peke yake. Kila mara aliniambia Kioko anameza vizuri.

Kioko akashikwa na choa mwili mzima, akaja mwenyewe upande wa ngozi. Alipoulizwa anatumia dawa gani, akajibu hatumii yoyote. Akapewa ketokonazoli, tembe za kuua ukungu.

Wiki iliyofuata aliletwa shingo imepinda, taya limekaza, mate yanamtoka.

"Wazimu imerudi, Sista," Syombua akaniambia. "Ongeza ile dawa yake."

Daktari wa wilaya alimtazama kijana macho. "Huyu ana akili timamu. Ni dawa imemjaa. Nani anampa?"

Nilimtoa Syombua nje, nikamkazia. Akasema kwa sauti ya chini: "Mimi husaga, naweka kwa uji. Akijua atakataa."

Daktari akatueleza kwamba ini ndilo huvunja haloperidoli, na ketokonazoli hulizuia, basi dawa hurundikana. Akasimamisha zote mbili. Sindano ya kulegeza misuli ikamfungua taya.

Syombua alinisihi nisiseme. Nilimhurumia, lakini nilikataa. "Mama, asipojua anameza nini, hospitali nyingine itamuua. Mwambie wewe, ama nimwambie mimi."

Akamwambia. Kioko akamgeukia mamake. "Mwaitu, kumbe hii miaka yote?"

Daktari alipomrudishia haloperidoli, alianza kuja kliniki mwenyewe na kumeza kwa hiari. Nyumbani alijijengea jiko lake, hakula tena chakula cha mamake.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza, mwulizeni mgonjwa anatumia dawa gani, kisha mwulizeni anayempikia. Wengine watawachukia, lakini ulizeni tu. Syombua hanisalimii kanisani mpaka leo. Kioko huimba kwaya, benchi la mbele, na mimi hilo lanitosha.